Koma Saba na Nukta Moja

Wahenga walinena kwamba mtupa jongoo hutupa na mti wake. Methali hii aghalabu hutumiwa kumhimiza mja aachane kabisa na jambo linalomkera, asibakishe hata kijiti alichokitumia kuiondoa adha hiyo. Lau wahenga hao wangeishi katika zama hizi za rununu, huenda wangesita kidogo. Anayetupa simu iliyozeeka hutupa pia vilivyomo: majina ya watu asioweza kuwapata tena, picha za harusi zilizopigwa gizani, na maneno ya waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Hapa jongoo na mti vimekuwa kitu kimoja.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, katika shule ya upili ya kutwa viungani mwa jiji la Nairobi, anaielewa shida hii. Katika mtoto wa meza yake mna simu nne zisizotumika, chaja saba zilizosokotana kama nyoka wa kwenye ngano, na kadi za simu ambazo hakumbuki nambari zake. Mkewe amewahi kumuuliza mara nyingi takataka hizo zinangoja nini. Jibu lake huwa ni lile lile: zingoje kidogo.

Mwalimu huyu huyafuatilia mambo ya kampuni za simu jinsi wenzake wa chumba cha walimu wanavyoifuatilia ligi ya Uingereza. Hana fedha za kununua anayoyasoma, ila huyasoma yote. Anaweza kukueleza kwamba tarehe 9 Januari mwaka 2007 Steve Jobs alisimama jukwaani mjini San Francisco akaionyesha dunia simu ya iPhone, na kwamba kabla miezi miwili haijatimia, tarehe 6 Machi mwaka huo huo, huduma ya M-Pesa ilizinduliwa nchini Kenya. Tukio la kwanza lilijaza magazeti ya ulimwengu mzima. La pili halikuvuma sana siku ile. Hata hivyo, la pili ndilo lililopanda vilima vya Taita likamfikia baba yake, kwa maana halikuhitaji simu ya kifahari wala kioo cha kupapasa. Lilihitaji kadi ya simu, vitufe na mtu anayejua kusoma.

Na baba yake alijua kusoma. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Wundanyi hadi alipostaafu, na alikuwa mpenzi wa mashairi wa aina ile inayozidi kupungua: hakuyachambua, aliyasoma tu kwa sauti. Gazeti la Taifa Leo lilipomfikia, mara nyingi likiwa limechelewa siku mbili, aliufungua ukurasa wa mashairi kabla ya habari za siasa. Mkewe akiwa jikoni alilazimika kuusikia kila ubeti. Pale mizani ilipopungua, mzee alinyamaza ghafla kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Simu yake ilikuwa Nokia 1100, ile yenye tochi kichwani. Iliingia sokoni mwaka 2003, na zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo ziliuzwa duniani kote. Idadi hiyo ni kubwa mno kwa akili ya kawaida, na ukiitazama kwa karibu utakuta kwamba imejaa watu kama mzee yule: wazee waliozifunika simu zao kwa karatasi ya nailoni zisiingie vumbi la unga, waliotafutia mbuzi kwa tochi hiyo usiku, na waliobonyeza kitufe kimoja mara tatu ili kuipata herufi moja. Kwa mzee, simu ilikuwa mgeni wa heshima. Ilitundikwa kwa kamba kwenye msumari kando ya dirisha la sebuleni. Hakufanya hivyo kwa sababu ya urembo. Vilima viliuzuia mtandao, nao ulipenya kwenye dirisha hilo pekee.

Mwanawe alipojiunga na chuo kikuu kusomea ualimu wa Kiswahili, kilianza kitu ambacho leo Mwalimu hupenda kukiita mgogoro wa istilahi. Kijana alirudi nyumbani likizo ya kwanza akiwa amejaa maneno mapya. Kompyuta ikawa tarakilishi. Simu ikawa rununu. Mzee aliposema kwamba ametumiwa meseji, kijana alimsahihisha papo hapo.

“Baba, si meseji. Ni arafa.”

“Arafa,” mzee akarudia, akilionja neno lile kama mtu anayeonja mboga zisizo na chumvi. “Na nikienda dukani nikamwambia mwenye duka aniuzie rununu, atanielewa?”

“Atajifunza, Baba.”

“Basi na ajifunze. Mimi nitangoja nje.”

Walicheka wote wawili. Ila mzee hakulisahau. Tangu siku hiyo kila alipomtaja mwanawe kwa majirani alisema, “Yule wangu wa arafa.” Alilisema kwa fahari. Kijana, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja na vitabu viwili vya isimu kichwani, alidhani anakejeliwa.

Mwaka 2011 kijana aliingia mwaka wa pili. Karo ilipungua, na jina lake likabandikwa ubaoni pamoja na ya wale ambao hawangeruhusiwa kuufanya mtihani. Hakuwaeleza wazazi. Alijua kwamba pensheni ya baba ilikuwa na mipaka, na kwamba akisema neno moja tu, ng'ombe aliyekuwa akikamuliwa asubuhi angekuwa sokoni jioni. Alikula mara moja kwa siku, akakopa hapa na pale, na alipopiga simu nyumbani alipiga mchana tena kwa haraka, sauti yake ikiwa imechangamshwa kwa makusudi. Wazazi wana masikio mengine mbali na haya mawili. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti simu yake ililia. Arafa ilikuwa hii, ikiwa imeshikana tangu mwanzo hadi mwisho:

Mwanangu salamu zangu zikufikie chuoni Ya afya ni yake Mungu sina neno la mwilini Usinifiche uchungu ukizidiwa moyoni Simu iko kando yangu nipigie usikuni

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa kwamba huu ni ubeti wa tarbia. Una mishororo minne, kila mshororo una mizani kumi na sita, nane kwa nane, na vina vyake vya kati na vya mwisho vimetulia. Kijana naye alilitambua hilo mara moja. Ni jambo la kusikitisha kwamba hakulitambua jingine lolote. Wiki hiyo walikuwa wamefundishwa arudhi, na mhadhiri alikuwa amesisitiza kwamba alama za uakifishi ndizo zinazomwonyesha msomaji ukwapi unapoishia na utao unapoanzia. Akajibu: “Shikamoo Baba. Ubeti ni mzuri lakini hauna koma hata moja. Ukwapi na utao havionekani.”

Jibu lilichukua takriban saa nzima. “Marahaba. Asante mwalimu.”

Mzee hakumtumia ubeti mwingine tena. Arafa zilizofuata zilikuwa za nathari: pesa nimetuma, mama anakusalimu, mvua imenyesha, mjomba wako ametutembelea. Kijana hakumpigia usiku. Mtihani aliufanya baada ya rafiki kumdhamini, na siri yake akabaki nayo. Mwezi wa Aprili mwaka 2012 mzee alifariki kutokana na maradhi ambayo naye, kumbe, alikuwa amewaficha watu wote. “Sina neno la mwilini,” alikuwa ameandika.

Arafa ile ilibaki ndani ya simu ya kijana. Na hapa ndipo habari za biashara ya simu ulimwenguni zilipoingia katika nyumba ya mtu binafsi bila kubisha hodi.

Simu ya kijana ilikuwa bandia. Aliinunua jijini katika duka moja dogo, akiwa na furaha ya mtu aliyepata dhahabu kwa bei ya shaba. Iliingia laini mbili, ilikuwa na redio yenye kishindo na hata kijiti cha kunasia televisheni. Jina lililoandikwa usoni pake lilifanana na la kampuni mashuhuri, ila herufi moja ilikuwa imegeuzwa. Mwanafunzi wa isimu, aliyeweza kutenganisha mofimu za kitenzi chochote, hakuiona herufi hiyo hadi alipofika bwenini.

Kila simu halali ina nambari yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, ambayo huonekana mtu akibonyeza *#06#. Simu nyingi bandia zilikuwa na nambari za uongo, au kundi zima lilitumia nambari moja. Tume ya Mawasiliano ya Kenya ilitangaza kwamba simu za namna hiyo zingezimwa. Ilielezwa kwamba wahalifu walijificha nyuma ya nambari zisizofuatilika, kwamba uchaguzi wa mwaka 2013 ulikuwa ukikaribia, na kwamba wafanyabiashara waaminifu walikuwa wakiumia. Wananchi waliagizwa kutuma nambari hiyo kwa 1555 ili wajue hali ya simu zao. Kijana alituma. Jibu halikumfurahisha.

Angeweza kuinakili arafa ile kwenye daftari jioni hiyo hiyo. Angeweza kuisambaza kwa simu ya rafiki. Hakufanya lolote kati ya hayo. Siku ya mwisho ilikuwa imewahi kuahirishwa, na kama Wakenya wengi aliamini kwamba kilichoahirishwa mara moja kitaahirishwa tena. Labda pia, ingawa hili hukiri kwa shida, hakutaka kuisoma arafa ile neno kwa neno, kwa maana iliyoifuata ilikuwa yake mwenyewe, ile ya koma.

Siku haikuahirishwa. Usiku wa tarehe 30 Septemba 2012 uzimaji ulianza, na zaidi ya simu milioni moja nchini zikapoteza mtandao. Kijana alikaa kitandani akiitazama ya kwake. Haikufa. Taa yake iliwaka, saa yake ilihesabu, redio yake iliimba. Ila vile vijiti vya mtandao vilivyopangwa kwenye kona ya kioo vilitoweka. Ilikuwa imekatwa ulimi. Kesho yake alitoa laini akaitia katika simu halali aliyoazimwa, na akagundua kwamba majina yamekuja lakini arafa hazikuja. Zilikuwa zimehifadhiwa katika simu yenyewe.

Hivyo ndivyo simu ile ilivyoingia katika mtoto wa meza. Kila alipohama, ilihama naye. Mara moja au mbili kwa mwaka aliichaji, akaiwasha, akathibitisha kwamba arafa imo, kisha akaizima bila kuisoma.

Wakati huo dunia ya nje ilikuwa ikienda mbio. Mwalimu hupenda kuwasimulia wanafunzi wake kisa cha Nokia anapofundisha tanzia, kwa kuwa vijana hawa hawajamwona shujaa wa kale akianguka lakini wameziona simu za babu zao. Kampuni hiyo ilianza nchini Ufini mwaka 1865 kama kinu cha kutengenezea malighafi ya karatasi. Baadaye iliunganishwa na viwanda vya mpira na vya nyaya, watu wakavaa viatu vyake vya mvua, ndipo hatimaye ikaja kuwa bingwa wa simu za mkono duniani. Kisha simu za kioo cha kupapasa zikaja, na bingwa akachelewa kugeuka. Mwezi wa Septemba mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba inainunua biashara yake ya simu, na ununuzi huo ukakamilika Aprili 2014. Mnunuzi naye hakudumu nayo. Kuanzia mwaka 2016 kampuni nyingine ya Ufini, HMD Global, ikapewa haki ya kulitumia jina hilo, na mwaka 2017 ikaifufua simu ya 3310 iliyovuma mwanzoni mwa karne. Nokia yenyewe iliendelea na mitambo ya mitandao.

“Shujaa ana udhaifu gani?” huwauliza.

“Kiburi, Mwalimu,” hujibu.

Yeye huitikia kwa kichwa na kuandika ubaoni. Kwa miaka mingi hakuwahi kujiuliza ni kwa nini jibu hilo humfanya ageukie ubao upesi hivyo.

Mwisho wa mwaka 2024 alisoma habari nyingine iliyomgusa. Kuanzia tarehe 28 Desemba mwaka huo, sheria ya Umoja wa Ulaya ilitaka simu mpya zinazouzwa katika nchi zake ziwe na tundu moja la aina moja la kuchajia, lile la USB-C. Wenye sheria walitaja taka za kielektroniki na gharama za wateja. Mwalimu aliunga mkono kwa dhati, akaenda kwenye mtoto wa meza ili aone ni chaja gani zitakazofaa kutupwa. Alipoichukua simu ile bandia alihisi kwamba mgongo wake umefura. Betri ilikuwa imevimba hata kifuniko kimeanza kubanduka. Chaja yake ya pini nyembamba, ambayo zamani ilipatikana kila kibandani, ilikuwa imekatika waya. Alijaribu kuiwasha. Haikuwaka.

Jumamosi iliyofuata alishuka Barabara ya Luthuli, mahali ambapo simu za Nairobi hupelekwa zikiugua. Fundi aliyempata alikuwa kijana ambaye, kwa kukisia, alikuwa shule ya msingi wakati simu ile ilipouzwa. Aliigeuzageuza kama daktari aliyeletewa ugonjwa wa enzi za ukoloni.

“Mkubwa, hii betri usiiguse tena, inaweza kulipuka,” alisema, akiitoa polepole. “Na nyingine kama hii huipati.”

“Sitaki itumike. Nataka kusoma kitu kimoja tu ndani yake.”

Fundi alimtazama. Bila shaka aliwahi kuambiwa maneno hayo na wengine. Akachukua nyaya mbili kutoka kwa kifaa chake cha umeme, akazigusisha mahali betri ilipokuwa, na kioo kikawaka hafifu, rangi yake kama maji ya mchele.

“Nitazishika hivi kwa mkono. Chukua unachotaka sasa, haitakaa.”

Mwalimu alijaribu kupiga picha kwa simu yake mpya. Kioo kilichofifia kikatoa mistari na giza tupu. Mfukoni hakuwa na kalamu, jambo la aibu kwa mwalimu. Fundi, mikono yake ikiwa imeshika nyaya, alimwonyesha kwa kidevu kipande cha penseli alichotumia kuandikia majina ya wateja. Basi mwalimu akanakili, nyuma ya risiti ya duka, akibonyeza kitufe cha kushukia kila baada ya maneno machache, na kwa mazoea ya miaka mingi mkono wake ukagawanya mishororo na kutia alama kila ilipostahili: koma baada ya ukwapi, koma baada ya utao, na nukta mwishoni. Alipomaliza alisogea kwenye arafa iliyofuata. “Marahaba. Asante mwalimu.” Kioo kikazima.

Fundi alikataa malipo. “Ni ya mzazi?” aliuliza. Mwalimu akaitikia.

Ndani ya matatu, kwenye msongamano wa magari usiosogea, alianza kuihesabu mizani ya ubeti ule kwa vidole. Hakupata kosa. Ndipo kwa kuwa safari ilikuwa ndefu, na kwa kuwa kichwa chake hubeba takwimu za simu hata zisizoombwa, akakumbuka kikomo cha arafa. Arafa moja huchukua herufi 160 pamoja na nafasi na alama zote. Kikomo hicho kina historia yake. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, aliketi mjini Bonn na mashine yake ya kupiga chapa, akaandika sentensi za kubahatisha, akazihesabu herufi zake, akatambua kwamba sentensi nyingi hazifiki 160. Alizitazama pia kadi za posta, akaona kwamba watu huandikiana mambo yao kwa nafasi ndogo vivyo hivyo. Arafa ya kwanza ilitumwa nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992.

Mjerumani alihesabu herufi na Mswahili huhesabu mizani. Mwalimu akajiuliza hesabu hizo mbili zinakutana wapi. Ubeti wa tarbia una mizani 64. Mizani nyingi za Kiswahili huwa na herufi mbili, baadhi moja, baadhi tatu. Ukiongeza nafasi baina ya maneno, utakaribia sana mia moja na sitini. Akatoa ile risiti. Akahesabu herufi moja moja, akitia kitone kwa ukucha kila alipotimiza kumi.

Zilikuwa 162.

Akahesabu tena, akapata 162. Kisha akahesabu bila alama alizozitia yeye, zile koma saba na nukta moja. Zikawa 154.

Abiria wa kando yake alimwona mtu mzima akiinamia risiti kama aliyeibiwa dukani. Mwalimu alikuwa ameiona simu ile ya Nokia 1100 mbele ya macho yake. Mtu anapoandika, nambari ndogo kwenye kona ya kioo huanzia 160 na kushuka kwa kila herufi. Ikipita mwisho, arafa huwa mbili na hutozwa kama mbili. Mzee alikuwa ameiona nambari ile ikishuka. Alikuwa amefika “usikuni” akakuta kwamba ubeti wenye alama zake zote umezidi kwa herufi mbili. Angeweza kuacha alama mbili na kubakiza sita, lakini huyu ni mtu aliyekuwa akinyamaza kwa maumivu mizani ilipopungua. Hangekubali mshororo mmoja uvae viatu na mwingine uende pekupeku. Akazitoa zote. Aliamini kwamba anayemtumia ni msomi, na kwamba msomi hahitaji koma ili asikie ukwapi unapopumua.

Jioni hiyo alimpigia mama yake. Hakujua aanzie wapi, akaanzia kwenye salamu na mvua. Hatimaye akauliza kama anaukumbuka ubeti ambao Baba alimtumia akiwa chuoni.

“Ule wa simu?” mama alisema. “Ningeusahau vipi? Aliuandika siku nzima. Aliuandika kwanza kwenye karatasi, kisha akaanza kuuingiza. Kila akimaliza anasema umejaa, anafuta. Mboga zikapoa.”

Mwalimu alinyamaza. Mama akaendelea, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mmoja analijua.

“Ndipo akahamisha kitanda.”

“Kitanda gani, Mama?”

“Chetu. Alikitoa chumbani akakileta sebuleni, chini ya dirisha. Nikamwambia, Mzee, baridi ya hapo itakumaliza, na wageni watatuona tumelala sebuleni kama watu wa safarini. Akasema, mtoto nimemwambia simu iko kando yangu. Akipiga usiku nami niko chumbani, nitakuwa nimemdanganya.”

“Kilikaa hapo mpaka lini?”

“Mpaka alipokufa, mwanangu. Wewe mwenyewe ulikikuta hapo.”

Ni kweli alikikuta. Siku ya mazishi alikiona kitanda kile chini ya dirisha, na akadhani kwamba mgonjwa alisogezwa karibu na hewa.

Baada ya kuagana na mama aliketi mezani. Wanaisimu husema kwamba neno simu lilitoka katika Kiajemi, likiwa na maana ya waya. Halina udugu na simulizi, hata yakifanana masikioni, na mwalimu huwaonya wanafunzi wake kila mwaka wasidanganywe na mfanano huo. Usiku ule hakuwa na hamu ya kumsahihisha mtu yeyote. Aliitandaza risiti chini ya taa, akatafuta ufutio katika mtoto wa meza, baina ya zile chaja, akaupata.

Akaanza na nukta ya mwisho. Kisha akazifuta koma saba, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu wa mtu anayehofia kuichana karatasi, hata ubeti ukabaki jinsi ulivyotumwa.